Upelelezi wa Mume Mpole

Ndugu mwandishi, naomba kuongeza neno juu ya filamu ya The Constant Gardener, aliyoiongoza Mbrazili Fernando Meirelles mwaka 2005 kutokana na riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001. Katika makala yako umeisifu kwa mandhari ya Turkana na Kibera, nawe umesema kweli; lakini fadhila yake kubwa, kwa rai yangu, ni namna Justin, mwanadiplomasia mpole aliyezoea kutunza bustani, anavyofuata athari za mkewe Tessa aliyeuawa, hata akagundua kwamba dawa ya kifua kikuu ilikuwa ikijaribiwa juu ya miili ya mafukara.

Tazama jambo hili moja: awali Tessa anamsihi mumewe wampakie garini mvulana anayekwenda kwa miguu na kichanga, naye anakataa kwa hoja kwamba wenye dhiki ni wengi mno; baadaye, kusini mwa Sudan, Justin mwenyewe anamsihi rubani amwokoe msichana mmoja, akajibiwa kwa hoja ile ile.

Rachel Weisz, aliyeigiza nafasi ya Tessa, aliistahiki tuzo ya Oscar aliyopewa mwaka 2006. Masikitiko yangu ni kwamba Mkenya humo ni wa kuonewa huruma tu, na siri hufichuliwa na mgeni. Nasi tunaye Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale. Enyi watengenezaji filamu wetu, mchukueni huyo!