Kitabu cha ufundi ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote

Nyanya hazisubiri fundi. Nilijifunza hilo mwaka jana, pale pikapu yetu, Toyota Hilux ya dizeli yenye umri wa zaidi ya miaka 25, ilipochemsha karibu na Chalinze ikiwa na matenga 20 ya nyanya kutoka Mlali, wilayani Mvomero. Tulikuwa tunawahi soko la Ilala. Hadi jioni tulikuwa bado kando ya barabara, na wanunuzi wa pale walishajua kwamba hatuna ujanja. Tenga tulilonunua kwa Sh25,000 tuliliuza kwa Sh10,000.

Ndugu msomaji, mimi ni mchumi wa kilimo. Kazi yangu ni kuwafundisha wakulima kuandika gharama zao. Basi nikaona nianze na zangu. Gari hilo lilikuwa limeshabadilishwa gasketi ya hedi mara mbili katika muda wa miezi mitano, kwenye gereji moja iliyo jirani na ninapoishi, Kimara. Mara ya kwanza nililipa Sh280,000, mara ya pili Sh310,000. Ukijumlisha hasara ya nyanya, Sh300,000, na Sh150,000 za kulivuta gari hadi nyumbani, unapata Sh1,040,000. Yote hayo ni kwa ugonjwa mmoja ambao haukupona.

Watu wengi watasema dawa ni kununua gari jingine. Ni rahisi kusema. Gari lililotumika Japan likishavuka umri wa miaka minane, hapa kwetu hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu, na lililo jipya zaidi lina bei ambayo mfanyabiashara wa matenga 20 haiwezi. Kwa hiyo wengi wetu tutaendelea kutumia magari ya zamani, na suala letu ni kuyatengeneza vizuri.

Niliamua kutafuta kitabu cha ufundi cha injini ile. Katika duka moja la vipuri Gerezani, kijana wa kaunta alicheka. "Kaka, kitabu cha nini na mafundi wapo?" Ndani ya gari kulikuwa na kijitabu, lakini kilikuwa cha Kijapani, tena cha dereva: namna ya kuwasha taa na kufungua boneti. Kwa wauza vitabu vya zamani wanaopanga bidhaa chini mjini, nikapata kitabu kikubwa chenye picha ya Hilux jaladani. Nilikinunua kwa furaha, nikafika nacho nyumbani, nikakuta ni cha magari yaliyouzwa Marekani yenye injini ya petroli, 22R. Yetu ni 3L ya dizeli. Picha ni ya gari letu, lakini moyo ni wa gari jingine.

Hapo nilijifunza somo la kwanza: usinunue kitabu kwa jina la gari, nunua kwa namba ya injini. Somo la pili ni kutofautisha kitabu cha dereva na kitabu cha karakana. Cha karakana kina vipimo: nguvu ya kukaza kila boliti, nafasi za valvu, mpangilio wa kufungua na kufunga. Kama hakina namba, kiache. Baada ya wiki tatu nilipata kilichokuwa sahihi, kimechanika jalada, kwa Sh30,000.

Nilikipeleka kwa mzee mmoja wa Kimara Temboni ambaye ameshika spana kwa zaidi ya miaka 30. Nilihofia atakasirika. Alifuta mikono, akageuza kurasa za michoro taratibu, kisha akasema, "Mwanangu, Kiingereza chake sikiwezi. Wewe soma, mimi nifungue."

Tulifanya hivyo siku nzima, na mambo mawili yakajitokeza.

La kwanza, gasketi ya injini hiyo haitengenezwi kwa unene mmoja. Zipo za aina tatu, zenye alama B, D na F, zinazopishana kama sehemu ya kumi ya milimita. Kabla ya kuchagua, fundi hupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Zote mbili tulizofungiwa awali zilinunuliwa kwa kumwambia muuza duka "nipe ya 3L" basi. Boliti za hedi nazo hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia nguvu. Kule awali zilikazwa kwa bomba refu na nguvu za kijana.

La pili, gari halikuwa na thamostati. Ilikuwa imetolewa zamani, kama inavyotolewa katika magari mengi ya mji huu, kwa imani kwamba nchi ya joto haiihitaji. Kitabu kinaonyesha kazi yake: kuifikisha injini kwenye joto linalotakiwa na kuibakiza hapo. Bila hiyo, kwenye safari tambarare injini huwa baridi kupita kiasi na kula mafuta zaidi. Katika baadhi ya injini, kuiondoa huacha maji yapite njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi. Tuliyemfikiria daktari ndiye aliyekuwa akiongeza ugonjwa.

Hata hivyo, simlaumu fundi wa gereji ile. Alifanya alichofundishwa na aliyemfundisha. Mimi nasoma Kiingereza lakini siwezi kufungua nati iliyoshika kutu. Mzee wa Temboni anaifungua huku akizungumza, lakini vipimo viko katika lugha asiyoisoma. Kati yetu wawili ndipo ilipopotea ile milioni.

Kwenye kilimo tatizo hili tulilitambua zamani. Wizara ya Kilimo ikawa na jarida la Ukulima wa Kisasa na kipindi chake cha redio, kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyetarajia mkulima asome nafasi za kupandia mahindi kwa Kiingereza. Lakini gari linalobeba mahindi hayo tumeliacha litengenezwe kwa kukisia.

Wapo watakaosema vitabu vya magari ni mali ya viwanda na haviwezi kutafsiriwa hivi hivi. Ni kweli. Lakini si lazima kutafsiri. Katikati ya miaka ya 1960 John Haynes, ofisa wa jeshi la anga la Uingereza aliyekuwa Aden, alimsaidia mwenzake kufufua Austin-Healey Sprite iliyochakaa. Walipoona kitabu cha kiwanda hakimsaidii mtu wa kawaida, walilifungua gari lote, wakapiga picha kila hatua na kulifunga tena. Kitabu kilichotokana na hapo kilitoka mwaka 1966, na nakala 3,000 za kwanza ziliisha kabla ya miezi mitatu.

VETA ina karakana, walimu na injini za kufundishia. Tena ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani. BAKITA inasanifu istilahi. Wakikaa pamoja, wakachagua injini tano tu zilizojaa barabarani kwetu, wakazifungua na kuzifunga mbele ya kamera, tutapata vijitabu vya kurasa 60 kila kimoja, kwa Kiswahili cha gereji: rejeta, sampu, beringi. Video za kwenye simu ni nzuri kwa kuonyesha mkono unavyokwenda, lakini mkono ukiwa na oili hadi kiwiko unahitaji namba iliyoandikwa wazi kwenye ukurasa.

Wakati tunasubiri, mwenye gari la zamani anaweza kuanza mwenyewe. Soma namba ya injini yako, tafuta kitabu chake, na siku ya matengenezo kaa na fundi wako usome. Kabla hajafunga hedi, muulize: gasketi hii umeichagua kwa kipimo gani, na boliti hizi unazikaza kwa namba ipi?

Pikapu yetu imeshafanya safari 31 za Mlali tangu siku ile bila kuchemsha. Kitabu hakipo garini. Mzee amekiazima, na mjukuu wake wa kidato cha tatu humsomea jioni.