Lenzi ya safari: tazama namba ndogo kwanza

Nitasema jambo ambalo wauza kamera wa mjini hawatalipenda. Ukienda kununua lenzi moja ya kusafiri nayo, ile ya kufanya kila kazi, usiulize inavuta mpaka wapi. Uliza inaanzia wapi. Namba ya kwanza kwenye jina la lenzi ndiyo itakayoamua kama utarudi na picha ulizozifuata. Ile ya pili, inayochorwa kubwa kwenye matangazo, kazi yake ni kukufungua mfuko.

Kwa wale ambao hawajazama katika mambo haya: lenzi ikiandikwa 28-200, maana yake unaizungusha kutoka milimita 28, ambapo inaona eneo pana, hadi milimita 200, ambapo inakuletea karibu kitu kilicho mbali. Tamron walitoa lenzi ya 28-200 mwaka wa 1992, enzi za filamu, na tangu hapo kampuni zimekuwa zikishindana nani atavuta zaidi. Nikon walitoa 28-400 mwaka wa 2024. Sawa, hongera. Lakini hebu linganisha hizo mbili: miaka 32 imepita, namba ya nyuma imezidishwa mara mbili, na ile ya mbele haijasogea hata milimita moja!

Kabla sijaendelea, niwaondoe njiani wale ndugu wanaosema lenzi ya kila kazi ni ya wavivu, eti mpiga picha wa kweli hubeba lenzi tatu. Mnazibadilishia wapi? Ndani ya matatu? Kamera za zamani zilikuwa na kioo na pazia mbele ya sensa (si ile sensa ya kuhesabu watu, nasema kile kibamba kinachopokea mwanga). Hizi za sasa zisizo na kioo, nyingi ukitoa lenzi sensa inabaki wazi inakutazama. Kwenye kamera za Sony, kutoka mdomo wa kamera hadi sensa ni milimita 18 tu. Vumbi jekundu la Tsavo halihitaji mwaliko mwingine. Kwa hiyo lenzi moja, ndiyo. Swali ni ipi.

Na swali lenyewe si la kinadharia. Dadangu mdogo ana Sony A7 III aliyoinunua mkono wa pili, na kwa muda sasa anaweka akiba ya mambo mawili: lenzi, na safari ya kumpeleka Mama Pwani. Mama ameishi Kakamega maisha yake yote na hajawahi kuona bahari. Mpango ni treni kutoka Nairobi hadi Mombasa, halafu basi mpaka Mokowe, halafu boti kuingia Lamu. Umri wa Mama na magoti yake ni vile vilivyo, hatutarajii kuirudia safari hiyo. Sasa dadangu akaingia duka moja mjini kuuliza bei, na muuzaji akamwambia bila kupepesa achukue 28-300, "kwa sababu simba hawasogei karibu."

Simba gani jamani? Hii safari ni ya Mama!

Tufanye hesabu basi, maana hesabu haina kamisheni. Kwenye kamera yenye sensa kubwa kama ya A7 III, milimita 300 inaona pembe ya digrii 8 hivi, ukipima kona hadi kona. Milimita 200 inaona digrii 12. Yaani zile milimita 100 zote za nyongeza, ambazo ndizo muuzaji anazisifia, zimebadilisha digrii nne. Njoo upande wa pili. Milimita 28 inaona digrii 75, 24 inaona 84, na 20 inaona 94. Milimita nane tu, digrii kumi na tisa.

Digrii hizo zina kazi gani? Fikiria vichochoro vya mji wa kale wa Lamu. Kuna mahali ukikutana na punda aliyebeba mzigo lazima mmoja wenu ampishe mwenzake. Mama amesimama mbele ya mlango wa nakshi, wewe umerudi nyuma mpaka mgongo umegusa ukuta wa jirani, na kati yenu kuna mita 2. Umeishika kamera wima. Kwa milimita 28, picha yako inachukua mita 2.6 kwenda juu. Kwa milimita 20, inachukua mita 3.6. Hiyo mita moja ndiyo nakshi ya juu ya mlango, na ndiyo iliyokufanya usimame hapo. "Rudi nyuma kidogo" ni ushauri mzuri sana uwanjani. Ukutani hauna maana.

Ndani ya behewa la treni ni vilevile. Mezani, familia nzima ikila, ni vilevile. Chumbani je? Picha nyingi za watu wetu tunazipiga tukiwa karibu nao, na ukaribu ndio unaodai upana.

Sasa nije kwenye hoja ninayoiona kubwa kuliko zote. Pande mbili za lenzi hazilingani, kwa sababu upande mmoja unaweza kuurekebisha nyumbani na mwingine huwezi. A7 III inatoa picha ya megapikseli 24, pikseli 6000 kwa 4000. Umepiga kwa milimita 200 na kitu bado ni kidogo? Kaa kwenye tarakilishi, kata kingo mpaka upate kile ambacho milimita 300 ingekuonyesha. Unabaki na megapikseli 10 na ushee. Kuchapisha ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa kila inchi kunahitaji kama megapikseli 8.7. Kwa hiyo bado unachapisha A4 safi, ya kuweka kwenye fremu. Lakini ukipiga kwa 28 na mlango ukakatika juu, hakuna programu itakayokurudishia nakshi ambayo haikuingia kwenye lenzi. Siku hizi zipo programu za kubuni kilichokosekana, najua. Sitaki mlango wa kubuni nyuma ya mama yangu.

Mtu ataniambia kukata si bure. Kweli, unapoteza mwanga na chembechembe zinaonekana zaidi. Basi tupime hilo pia. Ile f unayoiona kwenye lenzi ni urefu wa milimita ukigawa kwa upana wa tundu la mwanga. Tamron ya 28-200 ya mwaka 2020 ni f/5.6 ikiwa 200, hilo ni tundu la milimita 36. Tamron ya 28-300 ya mwaka 2024 ni f/7.1 ikiwa 300, tundu la milimita 42. Tofauti ipo, sikatai, lakini ni tundu na tundu karibu lingane, si ule muujiza uliochorwa kwenye boksi. Na f/7.1 ina tabia mbaya hapa kwetu. Jua la ikweta halichezi: likishaanza kuzama, nusu saa baadaye ni giza. Wanyama nao hutoka saa hizo hizo. Mchana, wakati mwanga ni mwingi, mvuke wa joto juu ya ardhi unaitikisa picha ya mbali hata lenzi iwe nzuri namna gani.

"Panua kwa kuunganisha picha kadhaa." Ndiyo, kama unapiga ukuta. Mama akitembea, au punda akipita, unapata Mama mwenye mikono mitatu. "Tumia simu kwa zile pana." Hii ni hoja nzuri zaidi, na mchana wa jua kali mimi mwenyewe natumia simu. Lakini ingia ndani ya nyumba ya kale ya Lamu, yenye kuta nene na mwanga wa dirisha moja, uone kile kisensa kidogo cha simu kinavyolia. Halafu nauliza: kama picha za watu zitapigwa kwa simu, kamera tumeibeba ya nini? Ya kumvizia simba wa yule muuzaji?

Kuna pia wanaosema lenzi zinazoanzia chini hivyo ni za udanganyifu, kwa sababu picha inanyooshwa na programu. Hapo mmegusa kazi yangu, nisikilizeni. Mfano wao wanaoupenda ni Canon RF 24-240 ya mwaka 2019, ambayo ikiwa 24 picha ghafi imepinda na kona zake ni nyeusi, mpaka kamera iivute na kuinyoosha. Ni kweli. Na kona hizo hazina ukali wa katikati. Lakini lenzi ya siku hizi ni nusu kioo na nusu programu, na kwa kuwa kamera haina kioo cha ndani, unachokiona kwenye kitazamio tayari kimenyooshwa. Wahandisi wakiacha programu ifanye kazi ya vioo viwili vizito, lenzi inakuwa nyepesi na bei inashuka. Mimi nitachukua kona laini kidogo zenye nakshi ndani yake.

Usiniamini mimi, ziamini picha zako. Kila picha huhifadhi ndani ya faili milimita ulizotumia. Sakinisha exiftool, programu ya bure, kisha andika:

exiftool -T -r -FocalLength picha | sort -n | uniq -c

Badala ya "picha" weka jina la folda yako. Itakuorodheshea kila urefu na idadi ya picha ulizopiga kwa urefu huo. Nilimfanyia dadangu kwa picha zake za lenzi ya 28-70 aliyonayo. Rundo lilikuwa kwenye 28, limebanana pale kama abiria wa saa kumi na moja jioni. Mtu anayegonga ukuta wa 28 kila siku anauziwa vipi lenzi nyingine inayoanzia 28?

Kama rundo lako liko upande wa pili, wewe ni mtu wa ndege, na hata hiyo 28-300 haikutoshi. Nunua lenzi ya mbali ya kweli, 100-400 au 150-500, na picha pana ziachie simu.

Kwa dadangu zimebaki mbili, zote za mwaka 2025. Sigma 20-200 inaanzia f/3.5 na kuishia f/6.3. Tamron 25-200 inaanzia f/2.8 na kuishia f/5.6. Zote mbili hazina kitulizo cha mtikisiko ndani yake, lakini A7 III inacho kwenye sensa, kwa hiyo halitusumbui. Yeye anaipenda Tamron kwa mwanga wa ndani ya nyumba. Mimi nimesimama na ile ya 20, kwa sababu ya mlango. Tiketi za treni ameshaanza kuulizia.