Wazee, Baiskeli na Milima

Kila mwaka wazee wengi waliopita umri wa miaka 60 huenda kuhiji kwa baiskeli Santiago de Compostela, nchini Hispania. Tangu Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, safari ni kilomita 780 hivi, nayo huvuka milima ya Pyrenees, ya León na ya Galicia.

Ndugu msomaji, wengi hudhani kuwa taabu ni kupanda tu. Sivyo. Kutoka Cruz de Ferro, penye kimo cha meta 1,500 hivi, njia huteremka karibu meta 900 hata Molinaseca, mwendo usiofika kilomita 20. Hapo breki hupata moto na mikono hufa ganzi. Kijijini El Acebo, katikati ya mteremko huo, pana baiskeli ya chuma, ukumbusho wa msafiri aliyefariki huko.

Basi mzee mwenye busara huonana na daktari mapema, hujizoeza kupanda na kushuka vilima akiwa na mizigo yake yote, na hubadili breki zilizolika. Kilima kikimshinda, hushuka akaisukuma baiskeli. Hiyo si aibu, kwani cheti cha hija hudai kilomita 200 za mwisho, wala hakiulizi nani alitangulia.