Dhamana Iliyokufa

Wiki hii, ndugu msomaji, tuziache kidogo bei za sokoni tutazame neno moja la Kiingereza ambalo wafanyabiashara wetu wengi hulitilia sahihi bila kuuliza limetoka wapi. Neno lenyewe ni "mortgage". Sisi tunalo letu, rehani, lenye asili ya Kiarabu, wala halina vitisho. La Waingereza lina kifo ndani yake. Lilitokana na Kifaransa cha zamani, lugha waliyokuja nayo Wanormani walioiteka nchi hiyo mwaka 1066: "mort" ni kufa, "gage" ni dhamana.

Nani aliyekufa? Mwanasheria Edward Coke alieleza mwaka 1628 kwamba mdaiwa asipolipa, ardhi imekufa kwake. Akilipa, dhamana imekufa kwa mkopeshaji. Maelezo hayo ni matamu na mawakili wanayapenda. Mimi napendelea yaliyo katika kitabu cha sheria kiitwacho Glanvill, cha mwishoni mwa miaka ya 1180. Humo dhamana ni za aina mbili. Mkopeshaji akishika shamba lako na mavuno yakapunguza deni, hiyo ni dhamana hai. Akila mavuno na deni likabaki palepale, hiyo imekufa. Mahakama ya mfalme haikuikataza, ila ilihesabiwa kuwa riba, na riba wakati huo ilikuwa dhambi.

Hapo ndipo mwenye duka anapohusika. Tuseme umeweka nyumba rehani ukapata Sh 50,000,000 kwa miaka 10, riba asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa kwa salio. Rejesho la kila mwezi ni kama Sh 901,000. Katika rejesho la kwanza, Sh 750,000 ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa Sh 151,000 tu. Ukilipa miaka mitano bila kukosa, umetoa zaidi ya Sh 54,000,000, na bado unadaiwa kama Sh 35,500,000. Si wizi, ni hesabu. Lakini mwaka wa sita biashara ikiyumba na dalali akigonga mlango, utaapa kwamba ulikwisha kulipa!

Kwa hiyo naona mkopo wa namna hii unamfaa mwenye mapato ya uhakika, kama kodi ya wapangaji, na haumfai anayetaka kununua mzigo wa msimu mmoja. Mzigo huisha kwa miezi mitatu, rehani hukaa miaka kumi. Mwenye haja ya mtaji wa muda mfupi heri akope kidogo kwa dhamana ya bidhaa zenyewe.

Kabla ya sahihi, daini jedwali la marejesho linaloonyesha riba na deni kila mwezi, na ulizeni kama kulipa mapema kuna faini. Jambo jingine: Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2012 zote zinataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa dhamana. Wapo wanaomficha mama watoto mpaka siku ya mnada. Mwonyesheni jedwali hilo naye, kabla hamjaenda benki.