Labo ya mukoti ipime pia udongo wa bamama



Msimu huu wa baridi bamama wa kambi yetu moja walijaribu kulima shampinyo, ule uyoga mweupe wa kuuzia bahoteli na magazini ya mjini. Walichanga makuta, wakajenga nyumba ndogo ya matofali, wakanunua mbegu. Mbolea ilishika vizuri, nyuzi nyeupe zikajaa. Kisha wakafunika na udongo, kama walivyofundishwa. Wakangoja wiki mbili, tatu, ine. Walivuna ndoo mbili tu. Banaume wengine wakasema bibi zao hawajui kazi. Mukubwa mmoja wa kazi akasema ni uvivu.

Sisi wa sendika tulienda kuangalia. Tuliuliza swali moja: «Bamama, huu udongo mulitosha wapi?» Wakatuonyesha nyuma ya kambi, pembeni ya mabaki ya kiwanda, ile tunaita rejeti. Njo pale jibu lilikuwa.

Shampinyo haikule udongo. Chakula chake ni mbolea ya chini. Udongo wa juu, sentimita 3 mpaka 5, kazi yake ni kushika maji na kuamsha vichwa vitoke. Lakini lazima udongo ule usiwe mukali. Ukali tunaupima kwa pH: 7 ni katikati, chini ya 7 ni asidi. Shampinyo inapenda kati ya 7 na 7,5. Udongo wetu mwekundu wa Katanga mara mingi uko asidi, karibu na 5. Kwenye asidi, ukungu wa kijani unafurahi na uyoga unalegea. Dawa yake tunaijua sisi wote: chokaa. Likasi iko na mawe ya chokaa ya Kakontwe, na viwanda vyetu vinatumia chokaa kila siku. Hata udongo wa vichuguu virefu vya Lubumbashi uko na chokaa ndani, kupita udongo wa pembeni yake. Njo maana balimaji wanaumwanga mu mashamba.

Lakini pH si yote. Udongo wa rejeti uko na shaba. Nani asiyejua dawa ya buluu ya kupuliza tomati? Ni sulfati ya shaba na chokaa. Inaua magonjwa ya majani, na mengi ya magonjwa yale ni ukungu, ndugu ya uyoga. Basi bamama walifunika shamba lao na dawa ya kuua uyoga, bila kujua. Na udongo ukiwa asidi, shaba inayeyuka zaidi na kuuma zaidi. Chokaa inafunga shaba, haiitoshe.

Kuna jambo lingine, nalo linapita makuta. Uyoga unavuta metali toka kwenye udongo, zaidi sana kadmium. Kadmium inakaa mu figo miaka mingi. Mutumiki amekula vumbi kazini mchana kutwa. Mangaribi asile tena vumbi lile mu sahani, pamoja na batoto.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu.

Kwa bamama: musitoshe udongo karibu na rejeti, karibu na shimini ya kiwanda, wala kwenye mto unaopokea maji ya kiwanda. Pahali miti haioti na maua ya shaba yanaota, pale muache. Na kama udongo safi hakuna, mulime pleurote: ule unaota mu mifuko ya majani makavu ao vumbi ya mbao, hauombe udongo wa kufunika. Lakini majani na maji vitoke pahali pasafi.

Kwa banaume: muache kutukana bibi zenu. Walifanya kazi vizuri. Udongo njo ulikuwa mubaya, na si wao walioumwanga pale.

Kwa bakubwa ya kazi: labo ya mukoti inapima shaba na kobalti kila siku, mchana na usiku. Mashini iko, batumiki wa labo wako, na ni bana-chama wetu. Kupima kilo moja ya udongo wa kambi, pH yake, shaba yake, kadmium yake, ni kazi ya muda mufupi. Tunaomba kila kambi ipimiwe, na majibu yabandikwe kwenye mulango wa ofisi, mu Kiswahili, kila mutu asome.

Tutapeleka ombi hili kwenye mkutano ujao na uongozi. Tukijibiwa kwamba labo ni ya kampuni, siyo ya bamama, tutauliza tena: na ile shaba iliyo mu udongo wa bamama, yenyewe ni ya nani?