Mbunge wa kuteuliwa tumsubiri wapi?

Ndugu mwandishi, nimekusoma nikiwa stendi ya Nyegezi, pembeni ya mama anayepima dagaa kwa sado. Kuna jambo umelipita haraka kuhusu wabunge wa kuteuliwa. Dkt. Tulia Ackson aliingia bungeni Novemba 2015 kwa uteuzi wa Rais Magufuli, katika zile nafasi zisizozidi 10 ambazo Katiba inampa Rais. Alikuwa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Naibu Mwanasheria Mkuu kwa muda mfupi tu. Mwezi huohuo akawa Naibu Spika. Mimi nilinung'unika: kura zake ziko wapi? Mwaka 2020 akaenda kuziomba mwenyewe Mbeya Mjini, 2022 akawa Spika. Hapo namheshimu.

Lakini binti yangu anasoma sheria hapa chuo kikuu cha SAUT, Malimbe. Juzi usiku alinifunulia ibara ya 66 ya Katiba, ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akauliza: baba, huyu wa kuteuliwa anawajibika kwa nani? Nilinyamaza. Mbunge wangu wa jimbo namngoja kwenye mkutano wa hadhara, namwambia barabara yetu imekatika. Wa kuteuliwa nikamngojee wapi? Tuandikie hilo, tafadhali.