Kalemie: Mzamiaji haji kwa uzuri wa ziwa tu

Kalemie, jimbo la Tanganyika – Kila mara watu wa Kalemie wanapozungumzia utalii, neno ni lile lile: ziwa lipo, ni zuri, wageni watakuja. Vijana wanawataja hasa wale wageni wanaobeba mitungi ya hewa mgongoni na kuzama kuangalia samaki, kwa sababu wanasikia kwamba watu hao hulipa vizuri. Lakini mzamiaji haji kwa sababu ya uzuri tu. Anachagua, na mara nyingi anachagua kati ya majirani wenye maji yale yale.

Mfano wa wazi uko mbali, katika bahari ya Karibi. Karibu na pwani ya Venezuela kuna visiwa vitatu vinavyofuatana: Aruba, Curaçao na Bonaire. Vyote viko chini ya ufalme wa Uholanzi, na kutoka kimoja hadi kingine ni safari fupi ya ndege. Anayetaka mchanga mweupe, hoteli kubwa na muziki wa usiku huenda Aruba. Huko pia kuna meli ya Kijerumani, Antilla, iliyozama mwaka 1940, na wazamiaji hushuka kuitazama. Anayetaka kuchanganya kuzamia na kutembea katika mji wa kale huenda Curaçao. Lakini yule anayetaka kuzamia asubuhi mpaka jioni, juma zima, mara nyingi huchagua Bonaire.

Kwa nini Bonaire, wakati bahari ni moja? Watu wa kisiwa hicho walianza kulinda maji yao mapema. Mwaka 1971 walikataza kuwinda samaki kwa mishale chini ya maji. Mwaka 1979 bahari yote inayokizunguka kisiwa, toka ufukoni mpaka kina cha mita 60, ikawa hifadhi. Mashua haziruhusiwi kutupa nanga juu ya matumbawe. Zinafungwa kwenye maboya yaliyowekwa tayari. Kando ya barabara kuna mawe ya rangi ya njano yanayoonyesha mahali pa kuingilia majini. Na wazamiaji wageni hulipa ada inayosaidia kutunza hifadhi hiyo. Karibu na huku, Tanzania ilifuata njia ya namna hiyo katika kisiwa cha Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995.

Sasa tazama Ziwa Tanganyika. Nchi nne zinagawana maji hayo: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kina chake kinafika karibu mita 1,470, na duniani ni ziwa la Baikal la Urusi tu linalolishinda. Samaki wa jamaa moja, ambao wengi huishi miambani, wana aina zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani mahali pengine. Kuna vidogo vinavyoishi na kulea watoto ndani ya makombe matupu ya konokono. Kuna kuhe, mmoja wa wakubwa kabisa wa jamaa yake. Huko Ulaya na Marekani, wanaofuga samaki katika vioo vya nyumbani wanalijua jina la Moba, kwa sababu samaki mmoja wa buluu mwenye nundu kichwani anauzwa kwa jina hilo. Watu wengi wa Moba wenyewe hawajui kwamba mji wao una sifa hiyo.

Kwa hiyo samaki si tatizo la Kalemie. Hata hivyo, mgeni anayetaka kuwaona huenda Kigoma, ambako anaunganisha ziwa na sokwe wa Gombe na Mahale, au huenda Zambia, upande wa hifadhi ya Nsumbu. Upande wa Kalemie kuna hifadhi ya Kabobo, iliyoanzishwa mwaka 2016, lakini hiyo inalinda msitu wa mlimani.

Mzamiaji, kabla ya kukata tiketi, anauliza maswali ya usalama. Barabara na mji vina amani? Chombo kitakachonibeba kina jaketi za kuokoa maisha? Kuna mamba au viboko mahali hapo? Maji yana kichocho? Nikiumwa, oksijeni iko wapi, na daktari yuko umbali gani? Swali hili la mwisho ni zito katika ziwa hili. Mtu aliyekaa kwenye kina halafu akapanda haraka, hewa iliyoingia katika damu yake hutoa mapovu, na mapovu hayo yanaweza kumlemaza au kumwua. Tena ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 770, kwa hiyo hesabu za kuzamia zilizotengenezwa kwa bahari lazima zibadilishwe. Mwenyeji asiyeyajua hayo hafai kumshusha mtu majini.

Jambo ambalo viongozi na wenye mipango wanapaswa kuliona ni hili: ukiondoa oksijeni na hesabu za kina, maswali ya mgeni ni maswali ya mwenyeji.

Kwa mama aliyekimbia vita Nyunzu au Fizi na sasa analala na watoto kandokando ya Kalemie, ziwa si mahali pa matembezi. Ndipo anapochota maji, anapofua, anapowaogesha watoto, na anaponunua ndakala za kupika jioni. Naye anauliza kama kuna amani njiani. Anauliza kama maji ni salama, kwa sababu kipindupindu kinajulikana sana Kalemie. Mume wake akipanda chombo cha mbao kwenda Moba, anauliza kama atafika. Mwezi wa Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa hili, na watu zaidi ya mia moja walikufa. Na mwaka 2024 maji yalipopanda, yaliingia majumbani mwa watu ambao wengine walikuwa wamekwisha kuhama mara moja au mbili.

Kuna wanaosema utalii uanze kwa kusafisha ufuo, na kwa kusafisha wanamaanisha kuwaondoa watu: vibanda vivunjwe, wauza samaki wasogezwe, wakimbizi wa ndani wapelekwe mbali na macho ya wageni. Mawazo hayo ni mabaya, na pia hayana faida. Mtu anayefukuzwa ufukoni bila kupewa bomba atarudi usiku kuchota maji. Asiyejengewa choo atatumia majani, na mvua itapeleka uchafu ziwani. Mvuvi aliyenyang'anywa mahali pake atatupa wavu wa mbu katika maji mafupi, kule samaki wadogo wanakokulia. Mgeni atakuta ufuo mtupu na maji machafu, naye atavuka kwenda Kigoma.

Njia ya Bonaire inafundisha kinyume chake. Ulinzi ulianza miaka mingi iliyopita, na jina la kisiwa likakua pamoja na ulinzi huo. Kalemie haina fedha za kisiwa hicho, lakini inaweza kuanza na mambo yanayojulikana. Kila chombo cha abiria kiandikwe, kisijazwe kupita kiasi, na kisiondoke bila jaketi za watu wote. Vyoo na mabomba vijengwe kwanza pale wakimbizi wanapochota maji. Wavuvi na serikali ya jimbo wakubaliane juu ya miamba michache ambako nyavu hazitashushwa, na wavuvi wenyewe wawe walinzi wake, kwa sababu wao ndio wanaojua kila jiwe. Na siku ambapo ada ya mgeni italipwa, sehemu yake irudi kwenye bomba, choo na chombo cha kuokoa watu, na hesabu isomwe hadharani ili kila mtu asikie.

Labda mzamiaji wa kwanza atachelewa sana kufika, kwa sababu amani ya barabara haiko mikononi mwa mji peke yake. Lakini hata asipofika, jaketi itakuwa imemwokoa abiria wa Moba, na bomba litakuwa limemwokoa mtoto na kipindupindu. Mpango wa utalii usioweza kusema vitu hivyo viwili vitapatikana wapi na lini haustahili franga hata moja ya watu wa Kalemie.